Bukta Aliyoichagua Somo

Siku hizi mwanamke akipita na baiskeli hapa Newala hakuna anayegeuza shingo. Oliva alianza wakati shingo zinageuka, na midomo nayo haifungwi. Alizaliwa Kitangari, binti wa katekista. Mama yake alipoanza kuumwa mgongo, baba akasema maji yatafuatwa na mwenye miguu, na mwenye miguu pale nyumbani alikuwa Oliva. Akaichukua baiskeli ya baba yake, ile ya chuma yenye mtalimbo, akafunga madumu kwenye keria, akawa anashuka bondeni na madumu matupu na kupanda kilima na maji. Watu wakasema binti wa katekista ameharibika. Wakasema, wakasema, mpaka wakachoka wenyewe. Na walewale waliosema ndio waliokuja kusimama mlangoni wakimwita, we mwana, hebu na mimi nipitishie dumu moja.

Akaolewa na Kasiani, mkulima wa korosho mwenye shamba lake Mnyambe, wakahamia Newala mjini, akazaa, mtoto wa kwanza akaitwa Charles. Baiskeli hakuiacha. Mji wetu unajulikana kwa kiu, bomba likikohoa siku moja linapumzika wiki, kwa hiyo mwenye baiskeli na mapaja hakosi kazi. Oliva alikuwa navyo vyote viwili. Ungemwona anapanda na madumu yake, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, hana habari na mtu. Kwa baiskeli hakuwa na aibu hata chembe. Aibu yake ilikuwa kwingine, na huko ndiko alikoponzwa.

Niseme kwanza habari ya somo, maana asiyeijua atamwona Oliva mjinga, na Oliva si mjinga. Kwetu msichana akiingia unyagoni, awe wa msikitini au wa kanisani, maana hata kanisa letu lina unyago wake, anapewa mwanamke mzima wa kumsimamia. Huyo ndiye somo wake mpaka kaburini. Mambo ya mwilini, ya damu, ya ndoa, ya nguo zinazogusa ngozi, mama mzazi haulizwi. Anaulizwa somo. Na somo akishasema, amesema. Mwali mwenye adabu hatoki pale akaenda kupiga hodi mlango wa pili kuuliza jambo lilelile, huko ni kumvua nguo aliyekufundisha kuvaa.

Somo wake Oliva alikuwa Mabel, mwanamke mnene wa vicheko, muuza mitumba pale sokoni. Ndiye aliyemshika mkono alipokuwa mwali, na ndiye aliyekaa naye Charles alipozaliwa. Oliva alikuwa akimpitishia dumu la maji kila alipopanda kutoka bondeni, hata siku ambazo maji yenyewe yalikuwa ya kugombewa. Wala hakuwahi kuliona hilo kuwa ni wema. Lilikuwa jambo la kawaida kama kumsalimia.

Sasa mwaka huu Mwalimu Cuthbert wa Masasi, aliyestaafu ualimu akakataa kukaa kibarazani, akaanzisha kazi ya kuwatembeza wageni kwa baiskeli za gia. Wanaanzia kule Masasi kwenye majabali, wanapanda uwanda huu wetu wa juu, wanalala Newala, wanakwenda Shimo la Mungu kulitazama bonde la Ruvuma, wanazunguka mashamba ya korosho, wanarudi. Kiangazi kingekuja na kikundi cha wanawake pekee, na walikuwa wameomba kiongozi mwanamke. Mwalimu akatangaza kwamba nafasi ni moja, na ni ya kudumu. Wakajitokeza wawili. Mmoja Oliva. Wa pili Grace, binti wa Mabel, aliyekuwa amerudi kwa mama yake kutoka kwenye ndoa iliyomshinda Mtwara, na mtoto mgongoni.

Oliva aliitaka kazi ile kwa namna ambayo hata Kasiani ilimshangaza. Mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika kama ulivyolalamika wa mama yake, na alijua mwisho wa malalamiko yale ni kitandani. Lakini si mgongo tu. Tangu utoto hakuwahi kupanda baiskeli isiyo na mzigo nyuma, isipokuwa anapoufuata mzigo wenyewe. Alimwambia mumewe kwamba anataka aende mahali kwa sababu anajua njia, watu wamfuate, na keria iwe tupu. Kasiani akajibu, "Basi nenda, Mama Charles. Maji tutayatafuta wengine." Oliva akatabasamu siku nzima.

Mwalimu akasema watajaribiwa kwa siku mbili mfululizo, maana mgeni hamkodi kiongozi wa asubuhi moja. Siku ya kwanza ni Newala hadi Mnyambe na kurudi, kwa njia za mashambani zenye mchanga. Siku ya pili ni kuteremka uwanda mpaka Masasi. Akawapa baiskeli za gia wazizoee. Baiskeli ni nzuri, nyepesi, lakini siti yake ni nyembamba, ngumu, imechongoka kama mdomo wa bata. Oliva alikuwa amezoea siti pana ya springi aliyoizungushia matambara mwenyewe. Mazoezi ya asubuhi moja yakamtosha kujua kuna kazi.

"Tafuteni zile bukta zenye sponji," Mwalimu aliwaambia, akitazama mti wa jirani. "Zile zinazovaliwa ndani ya suruali. Bila hizo mtaumia." Akaishia hapo. Mzee wa watu, mstaafu, angewaambia nini zaidi wake za watu juu ya kinachovaliwa ndani ya suruali?

Nurdini, fundi baiskeli wa pale stendi, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mashindano, alijaribu kusema. Alikuwa anamkazia Oliva breki, akaanza, "Mama Charles, kuhusu hizo bukta, kuna jambo moja watu wengi wanakosea..." Oliva akamkata palepale. "Nurdini, wewe kaza breki." Akahisi uso unamuwaka. Mwanamume asiye mumewe amweleze habari za huko? Nurdini akakaza breki, na Oliva akaenda moja kwa moja kwa mtu ambaye Mungu na mila walimpa kwa maswali ya aina hiyo.

Akamkuta Mabel amerudi na belo jipya kutoka Masasi, nguo zimemwagwa juu ya turubai.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwali wangu. Njoo, nilijua utakuja. Nimekuwekea."

Akatoa bukta mbili chini ya fungu. Zote nyeusi, zote zimeshonewa sponji mahali pa kukalia. Ya kwanza sponji yake nene, laini, imevimba kama kitumbua, na mshono mkubwa umepita katikati. Kiunoni ilikuwa pana kidogo kwa Oliva. Ya pili ilikuwa ya kubana, sponji yake nyembamba na ngumu, katikati hakuna mshono hata mmoja, na mapajani ina mpira wa kuishika isipande.

Oliva akazibonyeza. Nene ilibonyea mpaka vidole vikakutana. Nyembamba ilibonyea kidogo ikarudi. Akaibonyeza tena, akawa anaiwaza ngata. Kila aliyebeba ndoo kichwani anajua kwamba ngata nzuri ni ile iliyosokotwa ikakaza. Ile laini inakudanganya hatua chache za mwanzo, halafu inalala, na ndoo inabaki na fuvu lako.

"Somo, hii ngumu naiona kama ngata iliyokaza," alisema. "Naona kama hii ndiyo."

Mabel akacheka kile kicheko chake. "Mwali wangu, kichwani kuna mfupa. Huko chini kuna nyama. Utaweka ngata kwenye nyama?" Akaichukua ile ya kubana taratibu kutoka mkononi mwa Oliva. "Hii ni ya vitoto vyembamba. Itakubana usipumue. Wewe chukua nene, ukae kama umekaa kitandani."

"Na ndani yake?"

"Ndani yake nini? Unavaa chupi yako ya pamba, kama mwanamke mwenye akili zake. Au unataka kupita Mnyambe, mbele ya wakwe zako, huna kitu ndani? Nilikufundisha hivyo?"

Oliva akacheka kwa aibu. Alitaka kulipa, Mabel akamsukuma mkono, mwali hanunui kwa somo wake. Akaondoka na bukta yake kifuani, vidole vyake bado vinabisha. Alivinyamazisha. Vidole ni nani mbele ya somo?

Siku ya kwanza ilipofika, aliongoza tangu mwanzo. Kwenye mchanga Grace alikuwa anayumba na kushuka kusukuma, Oliva anapita kama yuko uani kwake. Anaijua njia, anajua wapi pa kushika ukingo, anajua nyumba gani itampa mgeni maji na nyumba gani itampa maneno. Mwalimu alikuwa nyuma na pikipiki, anaangalia. Walipofika Mnyambe alisema, "Mama Charles, mbona ni kama umezaliwa na kazi hii?" Lakini Oliva tayari alikuwa anasikia kitu huko kwenye siti.

Ile sponji ilikuwa imelowa jasho ikalala. Bukta imelegea, inatembea, kila akikanyaga pedali inakwenda kushoto na kulia. Na chini yake ile chupi ya pamba imejikunja, ukingo wake umekuwa kama kamba. Kurudi Newala alirudi wa kwanza. Lakini alipovua nguo nyumbani aliona damu.

Jioni ile akaenda kwa somo. Angekwenda kwa nani? Nesi wa zamu siku hiyo alikuwa mwanamume. Mabel akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akawasha tochi ya simu, akamtazama. Alimtazama vizuri, bila haraka, kama alivyomtazama siku ya Charles. Oliva alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Ni ugeni tu," Mabel alisema. "Ngozi haijazoea. Kesho ongeza chupi ya pili juu ya hiyo, ipate kinga. Na ukaze roho. Kazi yako hiyo, usiikose kwa mchubuko."

Akampaka mafuta, akampapasa mgongo, akamwombea. Oliva akatoka pale ana amani. Wazee walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia aliyelisikia lote, neno kwa neno, akalitii mpaka la mwisho, yeye anavunjika nini.

Siku ya pili sina hamu ya kuieleza sana. Kuteremka uwanda aliteremka amesimama juu ya pedali, mapaja yanatetemeka, meno yameumana. Kule chini, barabara ilipolala tambarare kuelekea Masasi, mtu hawezi kusimama juu ya pedali mpaka mwisho wa dunia. Akajaribu kukaa, akapiga ukelele. Akajaribu tena. Chupi mbili zimekuwa misumeno miwili. Mwisho akashuka, yeye Oliva, aliyekuwa hashuki kilimani na madumu ya maji, akaanza kusukuma baiskeli tupu kwenye barabara iliyonyooka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Grace akamfikia, akasimama, akamuuliza, "Da Oliva, kuna nini?" Oliva akamwambia atangulie. Grace akatangulia.

Mwalimu Cuthbert alimpokea Masasi kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko matusi. Alimwambia kwamba kwa njia hana mpinzani, kwa nguvu hana mpinzani, lakini mgeni akilipia siku nne hawezi kuambiwa kiongozi hawezi kukaa. Nafasi akampa Grace. Oliva akasema ahsante, Mwalimu, ameelewa. Na kweli alidhani ameelewa. Aliilaumu ngozi yake, uzee wake, hata kiherehere chake cha kutaka keria tupu.

Walikuwa wamefikia kwenye nyumba ya wageni, chumba kimoja wanawake wawili. Oliva alipotoka kuoga, kwa hatua za kutanua miguu, akamkuta Grace uani anaanika. Alikuwa amefua bukta yake. Ile ya kubana, yenye sponji nyembamba, isiyo na mshono katikati. Oliva aliitambua kwa mbali, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Na kambani hapakuwa na nguo nyingine ya ndani.

"Chupi umeanika wapi?" aliuliza, akifikiri anauliza tu.

"Chupi ya nini? Hizi hazivaliwi na chupi, da Oliva." Grace alikuwa anabana kibanio, hana hili wala lile. "Mama alinikazania sana hilo. Alisema ukiivaa na chupi tu, umekwisha. Amewauzia waendesha baiskeli wengi huku Masasi, wanamwambia. Kwani wewe hakukuambia?"

Oliva alimtazama yule binti. Uso wake ulikuwa wazi, hauna kitu nyuma yake. Akasema, "Labda aliniambia nikasahau," akaingia ndani, akalala kifudifudi, akaanza kuikumbuka ile tochi. Bukta angeweza kuisamehe. Watu wanakosea nguo. Lakini Mabel alikuwa ameiona damu, akasema ongeza ya pili.

Asubuhi alirudi Newala juu ya lori la saruji, amesimama njia nzima, ameshikilia baiskeli yake mwenyewe ambayo Mwalimu alikuwa ameiteremsha Masasi kwa gari jana yake ili apate ya kurudia. Hakupita nyumbani. Alikwenda sokoni akiisukuma.

"Shikamoo, somo." Hata siku ile adabu haikumtoka.

"Marahaba, mwali wangu. Nimesikia. Pole sana."

Oliva akaitoa bukta kwenye mfuko, akaiweka juu ya fungu la blauzi. Damu ilikuwa imekauka.

"Grace ameniambia hazivaliwi na chupi. Amesema wewe ndiye uliyemfundisha."

Mabel akaichukua bukta haraka, akaitia chini ya turubai, akatazama kama kuna mteja. "Kila mwili na mambo yake, Oliva."

"Ulinitazama, somo. Ulishika tochi ukanitazama."

Mabel akakunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena. Kicheko chake sijui kilikuwa kimekwenda wapi. "Nilikutazama," alisema. "Na niliona. Unataka niseme nini? Mtoto wangu amerudi nyumbani hana mume, hana kazi, ana mtoto. Wewe una Kasiani, una mikorosho, maji yako yanakulisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mimi ni nani wako?"

"Wewe ni mwali wangu." Mabel alisema hivyo bila ukali, akiwa amechoka. "Ndiyo maana. Mwanamke mwingine ningemwambia yale, angetoka hapa akaenda kumuuliza Nurdini. Wewe nilijua huendi."

Oliva alishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Kifuani palikuwa panauma kuliko kule kulikochubuka, na hapo hakuna wa kupapaka mafuta.

Mabel akasogea, akashusha sauti ileile ya chumbani. "Grace hajui, usimwambie. Na haya yaishie hapahapa. Ya somo na mwali hayatoki nje. Nilikufundisha."

"Ya unyagoni nimeyatunza, na nitakufa nayo," Oliva alisema. "Haya ulinifundisha sokoni."

Akageuza baiskeli akaondoka. Hakuaga.

Njiani, karibu na kanisa, akakutana na Josephina, jirani yake, amejifunga kanga mpya, amembana mtetea kwapani. Binti yake angeingia unyagoni likizo hii, na kila mtu mtaani alikuwa anajua Josephina anamtaka somo mwenye jina.

"Mama Charles, unasukuma baiskeli kama ina pancha?"

"Haina pancha. Siwezi kukaa. Nimechubuka."

"Wewe? Na kazi ya Mwalimu?"

"Amepata Grace."

Josephina akasikitika kweli, akamshika bega. "Masikini. Lakini na wewe, Mama Charles. Mambo ya nguo za ndani, na somo wako ndiye anayeziuza. Mimi mwenyewe hapa nakwenda kwake na kuku huyu, nataka amsimamie binti yangu. Si ungemuuliza?"

Oliva akatazama barabara. Angeweza kusema aliona haya. Angeweza kusema alisahau, kama alivyomwambia Grace.

"Nilimuuliza," alisema. "Ndiye aliyenichagulia. Na damu nilimwonyesha."

Josephina alimtazama usoni, akangoja kama kuna lingine. Hapakuwa na lingine. Akamhamishia kuku kwapa la pili, akalipa soko kisogo, wakarudi pamoja njia ya nyumbani.